Chumba Kidogo kwa Kila Njiwa

Jana nilikabidhi funguo za banda la njiwa, ufagio, kata ya maji, na kile chungu chenye matobo pembeni ambacho ninyi mnaobaki mnakiita chungu cha mzee. Funguo hazihitaji maelezo. Chungu kinahitaji, na ndiyo sababu nimeandika karatasi hizi kabla sijaanza kusahau.

Sitasema habari za cheo wala mshahara. Njiwa hawakuwahi kuniuliza. Nilichokiona kwa macho nitakiandika kama nilivyokiona, na nilichokisikia nitasema nimekisikia kwa nani.

Niliingia kazi hii kwa sababu ya bega. Nilikuwa mpagazi katika misafara ya kati ya Mpwapwa na Kilimatinde, wakati reli ilikuwa bado ni maneno ya watu wa pwani. Nikateleza korongoni na sanduku la misumari kichwani, bega likateguka, na aliyelirudisha alikuwa na haraka. Mnyapara wa msafara akaniacha kwenye kituo chetu kama mtu aachavyo chungu kilichopasuka: hakitupwi, lakini hakibebwi tena. Mdachi aliyekuwapo siku hizo akanitazama, akatazama bega, akasema neno moja la Kiswahili: "Njiwa." Nikapelekwa nyuma ya boma.

Huko nikamkuta Mzee Mbaruku. Alikuwa mtu wa mrima, mwembamba, kanzu yake nyeupe kuliko vumbi la Ugogo linavyoruhusu. Alikuja bara na msafara akiwa mpishi, akawekwa kulinda njiwa, akabaki. Pwani hakuwa na mtu tena aliyemjua. Hilo aliniambia mwenyewe siku nyingine, tukiwa tunapepeta uwele, na hakulirudia.

"Unaitwa nani?"

"Madeje."

"Mgogo?"

"Mgogo."

"Njiwa unamjua?"

"Ni ndege, mzee."

"Kuku naye ni ndege. Kanawe mikono."

Nikanawa. Akanusa vidole vyangu, akasema nikanawe tena, maana nilikuwa nimeshika tumbaku. Hilo ndilo somo la kwanza, nami nalikabidhi kama nilivyopewa. Somo la pili: sema neno kabla ya kufungua mlango, hata kama ni la kipuuzi, ili njiwa wajue nani anaingia. Somo la tatu: vaa nguo ileile. Mimi nimeona kwa macho yangu njiwa watulivu wakigonga kuta kwa hofu kwa sababu mlinzi wao wa kila siku aliingia na shuka jipya. Somo la nne ni maji. Kuku huokota maji tone kwa tone na kuinua kichwa, lakini njiwa huzamisha mdomo na kuvuta kama mtu anywaye pombe kwa mrija. Chombo kikiwa na kina kifupi, anakaa na kiu mbele ya maji. Mzee Mbaruku alitumia mtungi uliokatwa shingo, na ninyi tumieni huohuo mpaka uvunjike.

Chakula chetu kilikuwa uwele asubuhi, mtama jioni, na kunde kidogo kwa wenye makinda. Nafaka mpya ya mavuno haikuingia bandani mpaka ipigwe jua wiki mbili, kwa sababu mbichi huwaharisha. Majivu yalimwagwa sakafuni kila Ijumaa ili kuua utitiri. Kwa nini Ijumaa? Mzee alisema kwa sababu siku hiyo yeye mwenyewe alioga vizuri, na haikuwa haki njiwa wabaki wachafu.

Lakini fahari yake kubwa ilikuwa vyumba.

Banda lilikuwa jengo la tembe, dari ya miti na udongo, na ndani yake kuta zote zilijaa matundu ya fito yaliyokandikwa, ishirini na manne, kila moja na kizingiti chake. Nilipouliza nani aliyejenga, mzee aliweka kata chini.

"Bwana wa kwanza, yule aliyeleta njiwa hawa, alihamishwa ghafla. Siku anaondoka, tayari yuko juu ya punda, akanigeukia akanipa amri. Akanyoosha kidole bandani, akasema: kila njiwa, chumbi kidogo, usisahau. Akasema chumbi! Wadachi, ndugu yangu, Kiswahili chao kama mtu anayetafuna kokoto. Lakini mimi nilimwelewa. Nikamsahihisha palepale: chumba, bwana, chumba kidogo. Akatikisa kichwa, akarudia: chumbi, chumbi. Nikasema ndiyo bwana, nimesikia. Maskini, akaenda zake. Nikajenga."

"Vyumba vizuri, mzee," nikasema.

"Kila mume na mkewe na mlango wao. Huoni ugomvi humu."

Ni kweli, ugomvi haukuwapo. Na alivyomsahihisha Mdachi, ndivyo alivyonisahihisha mimi kila siku. Kiswahili nilijifunza njiani, na kwetu maneno hubadilika kidogo yakipita mdomoni. Asubuhi moja nilikuta kiota kimejaa kupita kawaida.

"Mzee, mayai ine!"

Hakugeuka. "Manne, Madeje. Mayai manne."

"Ndiyo, mayai ine."

"Nimesema manne! Sasa niambie, njiwa hutaga mangapi?"

"Mawili."

"Basi manne yametoka wapi?"

Sikujua. Wale njiwa wawili niliwaoza mimi mwenyewe, kwa kuwa walikuwa wakibusiana midomo. Mzee akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Wote wawili walikuwa majike. Kwa hiyo kumbukeni: mayai manne kiotani maana yake umefungisha ndoa ya jike na jike, na hakuna kitakachoanguliwa. Dume utamjua kwa kuzunguka huku amevimbisha shingo na kuburuta mkia, si kwa mabusu.

Kosa hilo liliisha kwa kicheko. Lililofuata halikuwa la kucheka.

Katika mwaka wangu wa pili mayai yakaanza kuwa mabaya. Kwanza niliona ganda jembamba, linalopenyeza mwanga wa jua kama ngozi ya kitunguu. Kisha mayai yakavunjika chini ya mama zao. Machache yaliyoanguliwa yalitoa makinda wenye miguu iliyopinda, wakafa kabla ya kufungua macho. Njiwa wazima wakawa wanadonoa kuta. Mzee alidhani wana wazimu, akakandika upya palipoharibika, nao wakadonoa palepale. Tulibadili nafaka, tukabadili viota, tukachoma majani ya tumbaku kufukuza utitiri usiokuwapo. Mzee akasoma dua. Mimi nikaandika kila yai kwenye ubao kwa mkaa, herufi nilizofundishwa na karani wa kituo, mpaka ubao ukawa kama orodha ya misiba.

Na hapo ndipo alipofika bwana mpya. Watu walimwita Bwana Miwani, kwa sababu inayoonekana. Njiwa wetu walikuwa kwa ajili ya mchuzi wa wagonjwa wa kituo na meza yake mwenyewe, naye kwa miezi miwili hakuona kinda hata mmoja. Akaja bandani, akainama, akaokota kipande cha ganda.

"Mimi nataka makinda," akasema. "Hapana nataka maganda."

"Bwana, tunatafuta dawa," mzee akajibu.

"Sikia. Mfua ya kwanza, mimi nakuja. Nakuta makinda wenye manyoya, vizuri. Hapana kuta, njiwa wote jikoni. Banda naweka saruji. Wewe mzee kwenda kwenu."

Alipoondoka, Mzee Mbaruku alikaa kizingitini. "Kwetu," akasema. "Amesema niende kwetu."

Mlangoni pa boma alikuwapo askari mmoja Mnyamwezi, Kasanda, mtani wangu, ambaye tangu nifike hakuwahi kunipa salamu isiyo na sumu.

"Mgogo! Nasikia mnasubiri mvua mpikwe pamoja na ndege wenu."

"Subiri, Mnyamwezi. Wewe umebeba pembe za watu mpaka shingo imezama kifuani. Tutakutia sufuriani kwanza, unafanana na kobe."

"Kobe angalau hutaga yai likaanguliwa!"

Siku nyingine ningecheka.

Kiangazi kilikuwa katikati, mahindi ya bwana yameisha ghalani, na uwele wetu ulikuwa unakaribia sakafu. Nikaomba ruhusa kwenda kwa shangazi yangu ukingoni mwa mbuga ya Bahi, kununua uwele kwa bei ya ndugu. Ni mwendo wa siku moja kwa mtu asiye na mzigo. Nilifika jua limeanza kulegea. Shangazi alikuwa kazini pamoja na wanawake wengine: wanakwangua udongo mweupe mbuga ikikauka, wanauweka katika vyungu vyenye matobo, wanamimina maji, yanachuja, wanayachemsha, inabaki chumvi. Munyu, kama tunavyoiita kwetu. Kazi hiyo nimeiona tangu kuzaliwa, na kitu ukikiona tangu kuzaliwa hukioni.

Siku ile nilikiona. Kando ya lundo la udongo ambao haujachujwa walikuwa hua wa porini, wengi, wameshusha mabawa kama wageni kwenye karamu. Wanawake walikuwa wakiwatupia vijiti, nao wanaruka hatua mbili na kurudi. Walikuwa wanadonoa udongo. Wengine walikuwa wanameza vigamba vya konokono wadogo waliobaki mbuga ilipokauka. Walidonoa kwa namna ileile njiwa wetu walivyokuwa wakidonoa kuta.

"Mbukwa, shangazi," nikasema.

"Mbukwa!" Akanitazama kanzu niliyopewa na mzee, akawageukia wenzake. Kiswahili hakukijua sana, lakini kwa kunidhihaki alikijua cha kutosha. Akapiga goti kama mbele ya Mdachi. "Bwana mukubwa wa boma amekuja! Bwana mukubwa nataka nini? Nataka chumbi?"

Wanawake wakacheka. Mimi sikucheka. Nilisimama pale na mfuko wangu mtupu.

"Shangazi, umesema nini?"

"Nimesema nini? Chumbi. Munyu huu. Si ndivyo mnavyouita huko bomani?"

Kila njiwa, chumbi kidogo, usisahau.

Nawaambieni ukweli, niliketi chini. Mdachi kwa ulimi wake wa kokoto na shangazi kwa ulimi wake wa Kigogo walikuwa wamefika mahali pamoja, na katikati yao alisimama mtu mmoja tu aliyekijua Kiswahili vizuri, naye ndiye aliyelipoteza neno. Hata mimi nililisikia kwake mara ngapi? Lakini nilikuwa mwanafunzi, na mwanafunzi huamini anaposahihishwa.

Sikurudi na uwele mwingi. Nilirudi na udongo wa chumvi gunia zima, kibuyu cha vigamba vya konokono, na chungu kimoja chenye matobo ambacho shangazi alinipa kwa sharti kwamba nimrudishie. Hajarudishiwa mpaka leo, Mungu amrehemu.

Njia nzima nilikuwa nafikiri namna ya kumwambia mzee. Hatimaye sikumwambia. Niliweka tu gunia mbele yake.

"Nini hiki?"

"Udongo wa chumvi, mzee. Hua wa mbugani wanaula."

"Chumvi?" Akarudi nyuma. "Unataka kuwaua kabla ya Mdachi? Kuku akila chumvi hufa. Mtoto wa pwani anajua hilo kabla hajajua kutembea."

"Kuku ndiye hufa. Lakini wewe uliniambia kuku na njiwa si kitu kimoja. Siku ya kwanza."

Hilo lilikuwa neno lake mwenyewe, hakuweza kulisahihisha.

"Jozi moja," akasema mwishoni. "Chumba cha pembeni kabisa. Wakifa, ni wewe."

Tukaweka bonge moja la udongo na vigamba vilivyopondwa ndani ya chungu cha shangazi, mbele ya jozi ya chumba cha mwisho. Jike alikitazama kwa jicho moja, kisha kwa jingine. Akaingiza mdomo toboni. Akadonoa kama mtu aliyefika nyumbani baada ya safari. Dume naye akaja, wakasukumana. Siku ya tatu walikuwa hai, manyoya yamelala vizuri. Siku ya tano mzee mwenyewe, bila kusema neno, alihamisha chungu katikati ya banda.

Hapakuwa na udonoaji wa ukuta tena. Siku ya kumi nikashika yai la kwanza. Nililiinua juani, mwanga haukupita. Nikaligonga kwa ukucha, likajibu *tok*, kama kete ya bao.

"Mzee! Sikia hili!"

Akalishika, akaligonga, akalitia karibu na sikio. "Alhamdulillahi," akasema, akalirudisha kiotani.

Njiwa huatamia siku kumi na nane, mama usiku na mchana isipokuwa saa za katikati ya mchana ambapo baba hushika zamu. Kisha makinda hutoka uchi, macho yamefungwa, na wazazi huwalisha maziwa mazito yanayotoka goleni, ndani ya shingo zao wenyewe. Hakuna nafaka itakayosaidia siku hizo. Ukimpoteza mzazi, umepoteza kinda. Manyoya kamili yanataka wiki nne. Nikapiga hesabu kwa mkaa: tulihitaji mbingu itusubiri mpaka mwisho wa kiangazi.

Mbingu haikusubiri. Makinda wa kwanza walikuwa na siku nane, wekundu na wenye upara, wabaya wa sura kama kinda mwingine yeyote wa njiwa, wingu lilipotokea upande wa Kilimatinde. Likatupita kwa haraka, likamwaga matone juu ya kituo, makubwa, yenye harufu ya vumbi, halafu likaenda. Hata uwanja haukulowa wote. Bwana Miwani akatoka barazani, ameinua kiganja.

"Mfua!" akasema. "Leo naona njiwa."

Mzee Mbaruku alikuwa na ufagio mkononi. Ukaanguka. Makinda tulikuwa nao, lakini unyoya mmoja hawakuwa nao, na amri ilisema manyoya.

Kasanda alikuwa zamu mlangoni. Akapiga saluti mpaka kisigino kikalia.

"Bwana, samahani. Hii si mvua."

"Nini hapana mfua? Mimi nimepata maji!"

"Ni machozi ya Wagogo, bwana. Wanalia kwa sababu sisi Wanyamwezi tumewashinda kwa kila kitu. Kila mwaka wanalia hivi kabla ya mvua. Muulize huyu Madeje."

Bwana Miwani akanigeukia. Nikajua kwamba nikikataa kutukanwa, njiwa wamekwisha.

"Ni kweli, bwana," nikasema. "Tunalia sana."

Karani akatafsiri yaliyobaki, na kwa mara ya kwanza tangu afike tukasikia Bwana Miwani akicheka. Akatikisa miwani, akaipangusa, akarudi ndani. Kasanda akaninong'oneza, uso umekauka kama jiwe: "Una deni la kitoweo, Mgogo. Na umekiri mbele ya serikali."

Mvua yenyewe ilikuja wiki tatu baadaye, mchana, ya radi na mito midogo uwanjani. Bwana Miwani alikuja bandani na koti limelowa. Mzee alisema neno lake la kipuuzi kabla ya kufungua mlango, kama kawaida. Bwana akaingia, akainama kwenye tundu la kwanza. Makinda wawili wa kijivu, wamevaa kamili, wakamtolea midomo. Tundu la pili, wawili. La tatu, mmoja mnene. Akaendelea ukuta kwa ukuta. Alipofika chumba cha mwisho alikuwa amefikisha kumi na saba, na wale wa chumba cha mwisho wakaruka, wakapita juu ya kofia yake, wakatua begani kwangu. Begani palepale palipoharibika.

Bwana akagusa chungu. Akalamba kidole. "Chumfi," akasema. "Nani alifundisha weka chumfi?"

Mzee Mbaruku alikuwa amekwisha elewa. Nilimwona. Labda alielewa siku ile ya gunia, labda alielewa dakika ileile. Alikuwa anatazama sakafu, na midomo yake ilikuwa inalijaribu lile neno bila sauti.

"Bwana wa kwanza ndiye aliyetoa amri," nikasema. "Mzee Mbaruku aliipokea mwenyewe. Chumba na chumvi. Vyumba hivi amejenga yeye, ndiyo maana makinda hawakukanyagwa hata mmoja."

Hakuna neno la uongo hapo. Lipimeni.

"Vizuri sana," Bwana Miwani akasema, akampa mzee mkono, mkono wa kulia, mbele ya askari na karani. Banda halikuwekwa saruji. Lipo, na jana nililifagia.

Wiki iliyofuata udongo wa chunguni ulikuwa unaelekea kuisha, nikajifunga niende mbugani. Mzee akasema anakuja pia. Alivaa kanzu ya Ijumaa. Tukatembea polepole katika majani mapya, na siku nzima hakunisahihisha neno. Tulimkuta shangazi na wenzake wanahamisha vyungu kabla mbuga haijajaa maji. Akamwona mtu wa pwani, mweupe kwa nguo, akajifuta mikono na kusimama wima, tayari kwa dhihaka.

Mzee Mbaruku akavua viatu. Akainamisha kichwa.

"Mbukwenyi," akasema, kwa Kigogo alichojifunza kwangu njiani. Kisha, kwa Kiswahili safi cha mrima, taratibu, kila silabi mahali pake: "Mama, naomba chumbi."

Shangazi hakucheka. Akamjazia gunia mwenyewe.

Tangu siku ile, katika banda letu neno sahihi ni chumbi. Chungu kijazeni kila mwezi mwandamo, vigamba vipondwe viwe kama mtama, si unga. Na akija msomi kuwaambia kwamba mnakosea kulitamka, mwamkieni kwa heshima, mkubalieni, kisha wawekeeni njiwa chumbi.